Kitenge, rangi tupu, mashati ya mtumba au jinzi? Nalinganisha kwilti nilizomaliza ili uchague ya kuanza nayo

Wengi wanaoniuliza kuhusu kwilti wananiuliza rangi tu. Dada niweke njano na zambarau, au nyekundu ikae na kijani, na ipi iwe katikati. Mi nikizitoa zangu zote nilizomaliza nikazitandika moja moja, kwa rangi hamna hata moja niliyochoka kuiangalia, zote zinawaka na zote bado zinanifurahisha, ila zimetofautiana sana kwenye kufuliwa, kwenye jua la hapa Mwanza, na kwenye ile ya nani ndani ya nyumba anaivuta ipi usiku na ipi inabaki imekunjwa kabatini. Kwahiyo mi naanzia hapo, kitambaa gani kinafaa kazi gani, rangi tutazikuta njiani.

Kwa ambaye hajawahi kuishika, kwilti ni blanketi la viraka lenye tabaka tatu. Kuna uso, ambao ndo viraka vyenyewe vilivyoungwa, kuna tabaka la katikati la kuleta joto, na kuna mgongo. Zote tatu zinashikwa pamoja na mistari ya mshono inayotoboa juu hadi chini, alafu ukingo unafungwa na pindo. Zangu nyingi ni za kitanda cha tano kwa sita, uso wake inchi 72 kwa 84, hesabu nitakazotoa ni za saizi hiyo labda niseme vingine.

Tuanze na kitenge maana ndo kila mtu anakikimbilia, na sio bure. Kwilti ya kitenge ukiitandika chumba kizima kinabadilika, hata kama ukuta haujapigwa rangi. Ukipita madukani Makoroboi hapa mjini ukaona zile pisi zimepangwa meza nzima unatamani ubebe zote. Ila kitenge michoro yake ni mikubwa, ndege mzima, feni, maua ya ukubwa wa sahani, na hiyo ndo inayoamua kila kitu. Ukikikata vipande vya inchi 4 mchoro unapotea, unabaki na bawa hapa na nusu duara pale, ukiunga vitenge vitano tofauti vilivyokatwa vidogo hivyo jicho halipati pa kutulia. Ile yangu inayosifiwa kuliko zote ina viraka vikubwa vya inchi 12, sita kwa upana na saba kwa urefu, yani 42 tu vinamaliza uso. Uso huohuo kwa viraka vya inchi 4 unataka viraka 378. Na kuna hasara watu hawaipigii hesabu: kila kiraka kinapoteza robo inchi kila upande ndani ya mshono, kwahiyo kiraka cha inchi 4 unakikata nne na nusu, na hapo karibu moja ya tano ya kitambaa chako inaenda kwenye mishono isiyoonekana. Kwenye kiraka cha inchi 12 inayopotea haifiki hata moja ya kumi. Kitenge cha bei ukikikata vidogovidogo umelipia mishono.

Alafu vitenge sio sawa. Kuna vya pamba tupu na kuna vya polista, na meza moja inaweza kuwa navyo vyote, muuzaji mwenyewe saa nyingine hajui. Chomoa uzi mmoja pembeni uuchome. Pamba inaungua inatoa harufu ya karatasi na inaacha jivu laini unaloweza kulipeperusha, polista inayeyuka inajikunja inakuwa kidonge kigumu. Cha polista kinateleza chini ya futi la cherehani, pasi ikiwa ya moto kinasinyaa, na usiku ukijifunika unatoka jasho. Mi kwa kwilti ya kulalia sikitumii kabisa, hata kiwe kizuri vipi.

Jambo la kuchuja ndo kubwa zaidi. Nyekundu, nyeusi na buluu iliyokolea, hizo tatu usiziamini hata ukiapiwa na muuzaji. Kabla ya kukata chochote loweka kila rangi peke yake, ifue, alafu ikiwa bado mbichi ikandamize na kitambaa cheupe kilicholowa. Cheupe kikipata rangi rudia, kikigoma mara ya tatu kitenge hicho kishonee gauni, kwenye kwilti kitaharibu majirani zake. Kufua mwanzo kunasaidia na kitu kingine, ile wanga ya dukani inatoka na pamba inarudi kama ni ya kurudi, irudi ikiwa pisi nzima mikononi mwako, sio irudi ikiwa imeshaungwa na vingine ambavyo havirudi.

Sasa upande wa pili, rangi tupu. Hizi ndo kwilti ambazo huko nje wanaziita za kisasa, kuna chama cha washonaji wa mtindo huu kilianzia Los Angeles mwaka 2009, Modern Quilt Guild, na alama zake ukiziona mara moja unazijua: vitambaa visivyo na maua, rangi kali, eneo kubwa limeachwa bila kitu, na viraka havikai kwa ulinganifu, vinaweza kurundikana kona moja tu. Yangu ina uwanja mpana wa marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, alafu upande wa kushoto tu kuna mistari ya chungwa, buluu, kijani na waridi, mingine myembamba kama kidole mingine minene, imekatwa bila rula. Mama mmoja mtu mzima alipoiona aliniambia, "Mwanangu ni nzuri, lakini mbona huku umeacha hamna kitu?" Nikamwambia mama, pale palipo patupu ndo pananifanya niione hiyo chungwa. Aliiangalia tena kwa muda alafu akaomba ashonewe yenye viraka kote, na ni haki yake kabisa.

Kwenye rangi tupu vipande vidogo vinaruhusiwa, tena ndo vinapendeza. Pembetatu za inchi 3, mistari ya inchi moja, vyote vinasomeka maana hamna ua la kuvimeza. Na mshono wa mkono unaonekana, kila tundu la sindano, kwahiyo kama unapenda kushona kwa mkono na una subira, hakuna mahali kazi yako itaonekana kama hapa. Lakini kitambaa hichohicho kinadai zaidi. Kona mbili zikipishana hata kwa upana wa uzi zinaonekana ukiwa mlangoni, wakati kitenge kinaficha. Vumbi linaonekana, na sisi tunaokaa vilimani kwenye mawe, Mabatini, Bugarika, Igogo, vumbi tunalijua. Jua nalo linakula rangi tupu kwa namna ya kuudhi, ukianika imekunjwa juu ya kamba unapata mstari uliopauka pale pa mkunjo, kitenge kikipauka kinapauka pole pole na michoro inasaidia. Hizi anika kwa kugeuza mgongo juu, na kivulini kama unacho.

Vya kununua kwa rangi tupu kuna poplini ya pamba, kuna tetroni ile ya sare za shule, na kuna marekani. Tetroni ina rangi nyingi, haikunjamani, hairudi, na bei yake inabebeka, ila ina polista ndani haipitishi hewa vizuri. Naikubali kwa kwilti ya ukutani au ya juu ya kochi. Ya kulalia nunua poplini hata kama unapata rangi nne badala ya kumi, rangi nne kali na marekani zinatosha sana.

Kwahiyo kitenge na rangi tupu, kwa mtu anayetaka zawadi ya harusi? Kama ni kwa wazee au itazungushwa ukumbini watu waione, kitenge cha viraka vikubwa, bila kufikiria mara mbili, inaonekana hadi meza ya mwisho. Kama ni vijana wana nyumba yao na kochi la kijivu, rangi tupu. Na kama mtoto wa miaka minne analala nao, kitenge tena.

Lakini ipo ya tatu ambayo watu hawaniulizi kabisa na ndo ninayoipenda kuliko zote, ya mashati ya mtumba. Nikizilinganisha zote kwa kuzishika nikiwa nimefumba macho naijua hii kwa mkono. Shati la mwanaume la pamba, lile ambalo lebo ya shingoni inasema pamba asilimia 100, limeshafuliwa mara nyingi sana kabla halijafika soko la mtumba la Mlango Mmoja, kwahiyo kama lilikuwa la kuchuja limeshachuja, kama la kurudi limesharudi. Limeshalainika. Yale mambo yote niliyoandika juu kuhusu kuloweka na kukandamiza, hapa mengi umeshafanyiwa. Michoro yake ni mistari na madrafti madogo, inakubali kukatwa vidogo, kiraka cha inchi 6 kinatosha kabisa. Uso wa 72 kwa 84 unataka viraka 168 vya saizi hiyo, na shati moja kubwa linatoa kama 15 ukitumia mgongo, vipande viwili vya mbele na mikono kidogo, yani mashati 12 yanamaliza. Chagua makubwa, XL kwenda juu, bei huwa haina tofauti na kitambaa ni kingi.

Ubaya wake upo. Rangi za mashati ni za upole, buluu ya mawingu, nyeupe, waridi, zambarau iliyopoa, ukiunga zote hivyohivyo kwilti inapooza. Dawa ni kuingiza kitu kimoja kinachowaka, kiraka kimoja cha kitenge cha njano kila baada ya vitano, au mstari wa nyekundu tupu kati ya safu na safu. Na kagua. Liinue shati kwenye mwanga, mwanga ukipita kirahisi kwenye kiwiko, kwapani na begani, hayo maeneo yaache, yatachanika ndani ya mwaka na kiraka kilichochanika katikati ya kwilti kukibadilisha ni kazi inayotia uchungu. Kola na kiwiko hata usijaribu. Vifungo hifadhi.

Na hii sio mbinu mpya ya umaskini. Kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend huko Alabama, Marekani, nchi ya pamba kama Usukumani kwetu ilivyo nchi ya pamba, wanawake wake ni vizazi vya watu waliofanywa watumwa kwenye mashamba hayo, na kwa miaka mingi walishona kwilti kwa nguo za kazi zilizochakaa, suruali za shamba, mashati, magunia, ili watoto wasipate baridi. Mwaka 2002 kwilti hizo zilitundikwa kwenye makumbusho ya sanaa Houston, alafu Whitney pale New York, watu wakasimama mbele yake kama wanavyosimama mbele ya picha za wachoraji wakubwa, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikazitoa kwenye stempu. Ukiziangalia utaona ile jinzi iliyopauka magotini na bado buluu nzito pale mfuko ulipokuwa umeshonwa. Nguo ya kazi ilikuwa na rangi zake tayari, wao walijua kuzipanga.

Ndo maana nilishona na ya jinzi. Ni imara kuliko zote na ni nzito kuliko zote. Haihitaji tabaka la katikati, uso na mgongo tu vinatosha, na cherehani lazima iwe na sindano namba 16, hii namba 14 ya kitenge itakukatikia pale mishono inapokutana. Nzuri sana kwa kutandika mchangani watoto wakicheza, au kujifunika kwenye meli ya kwenda Ukerewe upepo ukianza. Lakini kuifua kwa mkono ikiwa imelowa ni kazi ya watu wawili, mmoja ashike huku mwingine akamue kule, na wakati wa masika inaweza kulala kwenye kamba bila kukauka. Kama unafua peke yako na beseni, usianze na hii.

Ya khanga nitasema kwa kifupi. Khanga ukiikata viraka unakata jina lake, na khanga bila jina mi naona umeiondolea mdomo. Niliyoshona ina khanga moja nzima katikati, na pindo lake na maandishi yake yote, alafu nikaizungushia mistari ya rangi tupu tatu zinazotoka kwenye khanga hiyohiyo mpaka ikafika saizi ya kitanda. Ni rahisi kuliko zote, inaisha haraka. Khanga ni nyembamba kwahiyo mistari ya kushikilia tabaka isogee karibu, la sivyo inavutika ikifuliwa. Kwa zawadi ya mama au bibi hii inashinda hata kitenge maana unachagua na maneno.

Tabaka la katikati. Hapa Mwanza tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na ziwa linapoza, usiku mara nyingi ni nyuzi 17 au 18, kwahiyo tunahitaji kitu lakini sio kizito. Pamba ya kujazia mito usiweke, ukifua inakimbilia pembeni inakuwa mabonge na katikati unabaki na vitambaa viwili tu. Blanketi jepesi la polista la mtumba linakauka haraka na halikimbii, hilo ndo lipo kwenye kwilti yangu ya kitenge na ya rangi tupu. Kwenye ya mashati niliweka shuka zito la pamba lililochakaa, na hapo ndo siri ya hii kugombaniwa usiku ndani ya nyumba, joto lake ni la kiasi na inashika mwili. Mgongo, chukua pisi moja ya kitenge ya yadi 6, upana wake ni kama inchi 45, unakata vipande viwili vya yadi mbili na nusu unaviunga ubavuni, imetosha, na yadi moja inayobaki ndo pindo lako.

Mkono au cherehani? Viraka kuungana, cherehani, sioni sababu ya kujitesa, na ile ya kukanyaga ni bora kuliko ya umeme kwa kazi hii maana mguu wako ndo spidi, na umeme ukikatika hujali. Kushikilia tabaka tatu ndo kwenye uamuzi. Kwa cherehani unaikunja kwilti pande zote mbili ili ipite kwenye ile nafasi ndogo kulia kwa sindano, unaanza katikati unaelekea nje, maana kitambaa kinasukumwa mbele kila unaposhona na ukianzia pembeni mikunjo yote itakusubiri katikati. Wapo wanaofanya kinyume na wanapatia. Wasidi wa Karnataka huko India, watu ambao mababu zao walitoka huku kwetu Afrika, wanashona blanketi zao ziitwazo kawandi kwa mkono, wanaanza kona, wanazunguka ukingo mzima, wanaingia ndani kidogo kidogo mpaka wanafika katikati, viraka wanaviweka na kuvikunja kingo palepale mkono ulipofika. Kwakuwa kiraka kinawekwa wakati huohuo kinaposhonwa hakuna cha kusukumwa. Nikiangalia kawandi naona watu wetu, rangi zimekaa bila woga kabisa, nyekundu juu ya waridi juu ya chungwa, na kona zake wanaziwekea vipande vilivyokunjwa pembetatu vinavyosimama kidogo, wao wanaviita maua na wanasema bila hayo blanketi lipo uchi. Kama huna cherehani na hutaki kuazima, shona hivi. Unahitaji sindano, uzi imara, subira, na mabaki ambayo fundi yeyote mtaani kwako anayafagia jioni, muombe tu kwa adabu atakupa mfuko mzima.

Sasa uchague. Kama unataka ya kuonyesha sebuleni na mkono wako umenyooka, rangi tupu. Kama ni ya zawadi na unataka watu wapige vigelegele, kitenge cha inchi 12 cha pamba tupu kilichofuliwa kwanza, au khanga ikiwa ni ya mama. Ya safari na ya mchangani, jinzi, kama kuna wa kusaidia kukamua. Ya kulalia kila siku, na ya kuanzia kwa mtu ambaye hajawahi kabisa, mashati, hapo sibadilishi msimamo.

Na usianze na ya tano kwa sita. Shona ya inchi 36 kwa 48 ya mtoto kuchezea chini (mtoto mchanga wa chini ya mwaka asifunikwe nayo akiwa analala). Ni viraka 48 vya inchi 6, sita kwa nane, mashati manne yanaweza kutosha, mgongo ni yadi moja na nusu ya kitenge, pindo likatwe kwenye mikono ya mashati iliyobaki ukiunga vipande. Panga viraka vyote sakafuni kwanza kabla ya kushona hata kimoja, simama mbali, piga picha na simu, alafu iangalie ile picha ikiwa nyeusi na nyeupe: sehemu ambayo viraka vyeusi vimejazana pamoja utaiona mara moja, hamisha viwili vitatu, ndo ukae kwenye cherehani.